Nusu ya Joho: Watoto wa Ujerumani Wamfuatapo Askari kwa Taa

Katika nchi nyingi za dunia mtoto mdogo hufundishwa kumwogopa mtu mwenye sare kabla hajafundishwa kumheshimu. Mama aliyechoshwa na kilio cha mwanawe humwambia, "Nyamaza, askari atakuja kukuchukua," na mtoto hunyamaza mara moja. Sisi tuvaao sare tumelisikia neno hilo mara nyingi, hata katika nyumba zetu wenyewe ndani ya kambi, na aghalabu tumelicheka tukaenda zetu.

Lakini iko sherehe moja katika Ulaya ambayo mambo yake ni kinyume cha hayo. Kila mwaka, ifikapo tarehe 11 Novemba au siku zilizo karibu nayo, watoto wadogo wa miji na vijiji vingi vya Ujerumani hutoka gizani pamoja na wazazi wao, wakiwa na taa za karatasi mikononi, wakamfuata askari aliyepanda farasi. Hawamfuati kwa hofu. Humfuata kwa nyimbo.

Sherehe hiyo ni Siku ya Mtakatifu Martin. Tunaileta habari yake mbele ya wasomaji wetu wa jeshi na polisi kwa sababu mbili. Kwanza, maofisa kutoka nchi nyingi za Afrika hupelekwa Ujerumani kwa masomo; wako wanaojifunza lugha katika chuo cha lugha cha serikali kilichoko Hürth, karibu na mji wa Köln, na wako wanaosoma katika Chuo cha Uongozi wa Jeshi kilichoko Hamburg, na baadhi yao huenda na wake na watoto. Yafaa wajue watakachokutana nacho majira hayo yakifika. Pili, anayesherehekewa siku hiyo ni askari kama sisi, na habari yake inatuhusu hata kama hatutavuka mpaka wa nchi yetu maisha yetu yote.

VULI YAO NA VULI YETU

Neno vuli lina maana mbili ambazo msomaji hana budi kuzitenganisha. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua fupi zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba. Ni wakati wa kushika jembe na kutia mbegu ardhini. Kwa watu wa Ulaya, vuli ni majira yaliyo kati ya kiangazi na baridi kali, kuanzia Septemba hadi Novemba. Majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika, na miti ikabaki mitupu kama nguzo. Vuli yetu hufungua mwaka wa mkulima. Vuli yao huufunga.

Jambo limshangazalo zaidi mgeni atokaye karibu na ikweta ni giza. Sisi tumezoea jua kuzama mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, likipishana kwa dakika chache tu. Katika Hamburg, mwanzoni mwa Novemba, jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, na saa kumi na moja ikilia giza limekwisha tanda. Baridi nayo huingia, ukungu hushuka, na mtu mzima hutamani kujifungia ndani. Ni katika wakati huo huo wa huzuni ndipo watoto hutolewa nje na taa.

Tangu zamani tarehe 11 Novemba ilikuwa siku kubwa kwa wakulima wa Ulaya. Mavuno yalikuwa yamekwisha ingizwa ghalani. Siku hiyo wapangaji walilipa kodi ya mashamba, watumishi walipokea ujira wao na wengine kubadili mabwana, mifugo ambayo isingeweza kulishwa wakati wa baridi ilichinjwa, na mvinyo mpya ulionjwa. Katika karne za kale, baada ya siku hiyo ulianza mfungo wa siku arobaini kabla ya Krismasi. Kwa hiyo watu walikula na kushiba wakati ruhusa ingaliko. Kitoweo cha siku hiyo hata leo ni bata bukini aliyechomwa. Hadithi ya watu husema kwamba Martin alipotakiwa kuwa askofu alijificha katika banda la mabata kwa kuukwepa ukubwa, nao wakamfichua kwa makelele yao. Mkulima atakwambia kwamba bata hunona wakati huo wa mwaka, na hiyo ndiyo sababu iliyo karibu zaidi na ukweli.

ASKARI MWENYEWE

Martin alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 4, mahali palipoitwa Savaria, ambapo leo ni mji wa Szombathely nchini Hungaria. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Dola ya Rumi, na hata jina la mtoto lilitokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Sheria ya wakati ule iliwalazimisha watoto wa askari wastaafu kuingia jeshini. Martin aliandikishwa akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akawekwa katika askari wapanda farasi.

Habari zake tunazipata kwa Sulpicius Severus, mwandishi aliyemfahamu na kuandika maisha yake wakati mwenyewe yu hai. Anaeleza mambo ambayo kila aliyelala katika bweni la askari atayaelewa. Kijana huyo aliruhusiwa kuwa na mtumishi mmoja tu, lakini mara nyingi yeye ndiye aliyemtumikia mtumishi: alimvua viatu na kuvisafisha kwa mikono yake, na wakala meza moja. Katika mshahara wake alibakiza kiasi cha chakula cha siku, na kilichosalia aliwapa wahitaji.

Siku moja ya baridi kali, baridi iliyokuwa ikiua watu, alikutana na maskini asiye na nguo katika lango la mji wa Amiens, ambao leo uko kaskazini ya Ufaransa. Watu walipita bila kumtazama. Martin hakuwa na fedha. Hakuwa na kitu ila silaha zake na joho moja la kijeshi. Akachomoa upanga, akalikata joho lile vipande viwili, kimoja akampa maskini, kimoja akajifunika. Waliosimama karibu, wengine walimcheka kwa kuwa alionekana kituko katika nusu ya nguo; wengine waliona haya, kwa maana wao walikuwa na zaidi na hawakutoa.

Usiku ule, asema mwandishi huyo, alimwona Kristo katika ndoto amevaa ile nusu ya joho. Baadaye alibatizwa, akaacha jeshi, na katika mwaka 371 akawa askofu wa mji wa Tours. Alifariki mwaka 397, akazikwa tarehe 11 Novemba, ndiyo maana siku hiyo ikawa yake.

Kuacha kwake jeshi kulileta maneno. Ilikuwa katika mji wa Worms, siku moja kabla ya pambano, naye akashutumiwa kuwa mwoga. Akajibu kwamba kesho yake yu tayari kusimama mbele ya mstari wa vita bila silaha wala ngao. Kulipokucha adui walituma wajumbe kuomba amani. Nidhamu ya jeshi kila mmoja wetu anaijua, wala hatuwezi kuipima karne ya 4 kwa kanuni za leo. Lakini mtu aliyekuwa tayari kusimama mbele mikono mitupu hawezi kuitwa mwoga.

Iko alama nyingine ambayo askari huyo aliiacha jeshini bila kukusudia. Joho lake, ambalo kwa Kilatini liliitwa cappa, lilihifadhiwa na wafalme wa Wafaranki, wakalichukua hata vitani. Mahali lilipowekwa pakaitwa cappella, na mapadri waliolitunza wakaitwa cappellani. Kutokana na maneno hayo lugha nyingi za Ulaya zimepata jina la kanisa dogo na jina la kasisi wa jeshi. Kila kikosi chenye kasisi, basi, kina kumbukumbu ya nguo ya askari mmoja aliyoigawa na mtu asiyemjua.

MAANDAMANO YA TAA

Maandamano ya watoto kwa namna yanavyoonekana leo yalianza kupangwa katika jimbo la Mto Rhine mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo watoto wa vijijini walizunguka na taa walizozichonga katika mizizi minene ya shambani, wakiikomba ndani na kuitoboa macho na mdomo, kisha kutia mshumaa. Siku hizi taa hutengenezwa kwa karatasi za rangi, gundi, waya na kijiti. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe wazazi hualikwa katika shule za chekechea, wakaketi na watoto wao kwenye viti vidogo, wakikata na kubandika. Baba mwenye cheo kikubwa kazini hapo huwa mwanafunzi wa mwanawe.

Jioni ikifika, mpango wa maandamano ni mpango ambao askari yeyote atautambua. Mbele hutangulia farasi, na juu yake mtu aliyevaa kofia ya chuma ya Kirumi na joho jekundu. Hufuata bendi ya matarumbeta. Kisha huja watoto kwa makundi, kila kundi na mwalimu wake, na wazazi kandoni au nyuma wakisukuma vigari vya watoto wachanga. Wazimamoto wa kujitolea, ambao Ujerumani nzima inao takriban milioni moja, huwasindikiza na mienge. Polisi huzuia magari katika njia panda. Wote huishia uwanjani ambapo moto mkubwa umewashwa, na hapo tendo la Amiens huigizwa: maskini ameketi chini, mpanda farasi anasimama, anachomoa upanga, anakata joho.

Baada ya hapo kila mtoto hupewa mkate mtamu uliofinyangwa kwa umbo la mtu, macho yake zabibu kavu, na katika jimbo la Rhine mtu huyo huwekewa kiko cheupe cha udongo kifuani. Wako wanaofundishwa kuukata mkate huo vipande viwili na kumpa mwenziwe kimoja kabla ya kula.

Sherehe hii ilianza kwa Wakatoliki lakini haikubaki kwao peke yao. Martin Luther, kiongozi wa Waprotestanti, alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, na akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Kwa sababu hiyo katika mji wa Erfurt watu wa madhehebu yote mawili hukusanyika pamoja tarehe 10 Novemba katika uwanja ulio mbele ya kanisa kuu, wakiwakumbuka Martin wote wawili. Katika Hamburg na sehemu nyingine za kaskazini watoto hutembea na taa jioni nyingi za vuli, hata bila kumtaja Martin. Watoto wa Kiislamu na wa wageni wa kila namna huonekana humo pia, kwa kuwa taa haimuulizi mtoto dini yake.

SWALI LA MTOTO

Ofisa mwenzetu mmoja aliyesomea lugha karibu na Köln alinisimulia alivyoiona sherehe hiyo pamoja na mkewe na binti yao wa miaka minne. Mtoto alikuwa begani kwa baba, taa yake ya umbo la mwezi ikining'inia mbele ya uso wa baba yake. Alifurahi kwa bendi, akafurahi kwa farasi. Lakini mpanda farasi alipouchomoa upanga mbele ya yule mzee aliyeketi chini, mtoto alimshika baba yake nywele kwa nguvu.

"Baba," akauliza, "askari atampiga?"

"Hapana, mwanangu. Tazama tu."

Joho likakatika, nusu ikamwangukia mzee mabegani, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali la pili: "Na wewe unayo nguo kama ile?"

Ofisa yule aliniambia kwamba katika mitihani yote aliyofanya kule, hakuna swali lililompa shida ya kujibu kama yale mawili. Binti yake alikuwa amezaliwa kambini na kukulia kambini. Alikuwa ameona sare kila siku ya maisha yake. Hata hivyo, alipoona silaha imetolewa mbele ya mnyonge, jambo la kwanza lililomjia ni kipigo. Hakulizua mwenyewe, alilipata mahali, katika maneno ya watu wazima waliomzunguka.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Polisi wote wanajua kwamba mtoto aliyepotea katika umati hana kimbilio lililo bora kuliko mtu mwenye sare. Lakini mtoto aliyetishwa kwa askari tangu utotoni, akimwona askari hujificha. Hukaa nyuma ya kibanda akilia kimya kimya, na saa za thamani hupotea. Kitisho alichokitumia mama kwa dakika moja ya utulivu chaweza kulipwa kwa usiku mzima wa kutafuta. Watoto wa Köln na Erfurt, kinyume chake, huwaona tangu wakiwa mikononi askari akigawa nguo yake, mzimamoto akiwalinda na moto na polisi akiwazuilia magari. Somo hilo hawapewi kwa mdomo, hulitembea kwa miguu yao.

YAMPASAYO MZAZI

Kwa wale watakaobahatika kwenda huko na familia, na kwa kila mzazi atakayempeleka mtoto mdogo katika mkusanyiko wa usiku popote, haya yafuatayo yana faida.

Kwanza, saa. Mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi mwendo mrefu. Alazwe mchana, alishwe kabla ya kutoka, na mzazi awe tayari kumbeba wakati wa kurudi. Akichoka, rudini nyumbani hata kama moto haujawashwa. Matembezi haya ni yake, si yako.

Pili, mavazi. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyo baina yake huhifadhi joto. Kofia, glavu na soksi kavu za akiba visisahauliwe. Mtoto abebwaye huganda upesi kuliko baba anayetembea. Mguse shingo mara kwa mara ujue hali yake.

Tatu, moto. Taa ya betri ni salama kuliko mshumaa ndani ya karatasi. Uwanjani, simama upande unakotoka upepo ili moshi na cheche ziende mbali nanyi, na mtoto mshike mkono, usimwachie mbele yako. Skafu ndefu zenye kuning'inia zifungwe ndani ya koti.

Nne, farasi. Kamwe usisimame nyuma yake na mtoto, hata kama mnyama huyo amezoea makelele ya bendi.

Tano, kupotea. Andika jina na namba ya simu katika karatasi, uitie mfukoni mwa mtoto. Kabla ya kuondoka mtazame vizuri amevaa nini, kwa kuwa askari wa zamu atakuuliza hilo kwanza. Mwonyeshe watu wenye sare na umwambie wazi: "Usiponiona, nenda kwa yule." Mtoto mdogo hukumbuka alichoonyeshwa kuliko alichoelezwa.

Sita, kinywaji. Watu wazima huuziwa mvinyo wa moto wenye viungo, nao unateremka kwa urahisi wakati wa baridi. Aliyebeba mtoto yuko lindoni, na mlinzi hanywi.

SIKU MOJA, KUMBUKUMBU MBILI

Tarehe 11 Novemba inajulikana kwa askari wa dunia kwa sababu nyingine pia. Siku hiyo ya mwaka 1918 silaha zilinyamazishwa katika Ulaya, na Vita Vikuu vya Kwanza vikakoma huko. Katika upande wetu wa Afrika habari hazikuwa zimefika. Kikosi cha Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika, kiliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala katika Zambia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha angamia kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi wao bila kaburi lenye jina.

Hivyo siku moja ya vuli imebeba kumbukumbu mbili za watu wa kazi yetu: ya wale waliokufa vitani, na ya mmoja aliyesimama langoni akagawa alichokuwa nacho. Martin aliishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Vita alivyopigana kikosi chake, watoto hawavijui, wala jina la kamanda wake hawalijui. Wanalojua ni lile la langoni.

Ndugu askari, ndugu polisi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapa kwetu hatuna vuli ya majani makavu, wala hatuhitaji kuazima farasi na kofia ya chuma. Lakini mavuno tunayo, maonyesho ya kilimo tunayo, na sikukuu tunazo. Upatapo likizo ya siku mbili, usiimalize kantini. Mshike mwanao mkono, mpeleke palipo na watu na ngoma, na umwache akuone ukimpisha mzee njiani, ukimnyanyua aliyeanguka, ukigawa ulichonunua. Na nyumbani, atakayesema "askari atakuja kukuchukua," mrekebishe kwa upole mbele ya mtoto: askari atakuja kukurudisha kwenu.